Nyumba ya Vileo katika Hadithi za Safari: Tatizo la Mfasiri wa Kiswahili

1. Utangulizi

Msomaji wa hadithi za safari na za mambo ya ajabu zilizoandikwa katika lugha za Ulaya hukutana mara kwa mara na nyumba moja ambayo sura yake haibadiliki sana. Nyumba hiyo imejengwa karibu na gati au katika njia panda. Mlangoni pana kibao chenye picha. Ndani mna moshi wa tumbaku, makelele, mabaharia waliotoka nchi za mbali, wafanyabiashara wanaonong'onezana bei, na mwenye nyumba anayemjua kila mtu. Kijana asiyejua lolote huingia humo jioni, na atokapo asubuhi maisha yake yamekwisha kugeuka.

Makala haya yana shabaha ya kueleza kazi inayofanywa na nyumba hiyo katika usimulizi, na kuonyesha kwa nini humtatiza mfasiri wa Kiswahili kuliko mambo mengine yanayodhaniwa kuwa magumu zaidi. Majini, mazimwi na panga zenye uchawi hazitusumbui. Lugha yetu imezizoea tangu zamani. Linalotusumbua ni chumba cha kawaida kabisa, chenye meza na mabenchi, ambamo watu wasiojuana wanakunywa.

Tungependa kuthibitisha kwamba ugumu huo hautokani na upungufu wa maneno. Kiswahili kina maneno ya kutosha ya mahali pa kunywea. Ugumu unatokana na mzigo ambao maneno hayo yamebebeshwa katika fasihi yetu: kwetu sisi nyumba ya vileo ni mahali mtu anapoangukia, ilhali katika hadithi tunazozizungumzia ni mahali anapoanzia safari. Mfasiri asipoitambua tofauti hii ataweza kupata kila neno sawasawa, na bado msomaji wake akasoma hadithi nyingine.

2. Kazi za nyumba ya vileo katika hadithi

Mfano ulio karibu nasi ni riwaya ya Robert Louis Stevenson iliyotolewa kama kitabu mwaka 1883, ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata katika tafsiri ya Frederick Johnson kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. Riwaya hiyo ina nyumba mbili za namna hii, na kila moja ina kazi yake.

Nyumba ya kwanza ni ya wazazi wa kijana Jim, iliyo kando ya bahari mahali pasipopitwa na watu wengi. Baharia mzee anafika na sanduku lake, anatoa sarafu chache za dhahabu, kisha anaendelea kukaa miezi na miezi bila kulipa, na baba yake Jim haoni namna ya kumdai. Baharia anapokufa, mama yake Jim analifungua sanduku kwa sababu moja tu: anataka alipwe deni lake, wala hataki senti zaidi ya haki yake. Mfukoni mnapatikana sarafu za dhahabu za nchi nyingi, lakini mama huyu anajua kuzihesabu zile za Kiingereza peke yake, nazo ndizo chache kuliko zote. Wakati unapita akihesabu, maadui wanakaribia, na Jim analichukua furushi la karatasi ili liwe fidia ya kiasi kilichobaki. Ndani ya furushi hilo ndimo mlimo ramani ya hazina. Yaani riwaya nzima inaanza kutokana na hesabu ya chakula na malazi ambayo haikulipwa.

Nyumba ya pili imo mjini Bristol, nayo mwenyewe ni John Silver, baharia wa mguu mmoja. Alama yake ni darubini. Stevenson anaieleza kuwa ni nyumba safi na yenye mwanga, yenye kibao kilichopakwa rangi karibuni, na yenye milango inayofungukia njia mbili. Wateja wake ni mabaharia, na wanazungumza kwa sauti kubwa hata Jim anaogopa kuingia. Humo ndimo anamomwona mtu anayemtambua kuwa mhalifu, naye mtu huyo anatoroka mara moja. Silver anajifanya hamjui. Silver huyohuyo ndiye aliyemsaidia mwenye chombo kukusanya mabaharia wa safari. Tunaona, basi, kwamba nyumba hii ni ofisi ya kuajiri, na ni maficho pia. Wema wa sura yake ndio sehemu ya hila iliyomo.

Katika hadithi za mambo ya ajabu, mfano unaojulikana sana ni ule wa J. R. R. Tolkien katika The Lord of the Rings (1954–1955). Nyumba iitwayo The Prancing Pony iko katika kijiji cha Bree, penye makutano ya njia kuu mbili za zamani. Wenyeji wa kijiji, wasafiri wa makabila mbalimbali na wakimbizi kutoka kusini hukutana humo katika ukumbi mmoja. Frodo anafika akijificha chini ya jina la uongo. Anakutana na mtu asiyemjua ambaye baadaye atakuwa kiongozi wake. Na wapelelezi wa adui wamo chumbani humohumo. Lakini jambo linalotufaa zaidi ni barua. Rafiki yake Frodo alimwachia mwenye nyumba barua aipeleke, naye akaisahau kwa muda wa miezi mitatu. Hatari nyingi zinazowapata wasafiri zinatokana na usahaulifu huo. Mwenye nyumba ni kama posta ya nchi nzima, na posta ikilala, hadithi inachukua njia nyingine.

Tukiikusanya mifano hii, twaweza kutaja kazi nne. Ya kwanza ni kuwakutanisha watu ambao mahali pengine wasingekaa pamoja. Ya pili ni kupokea na kueneza habari, pamoja na kutunza barua. Ya tatu ni kufanya mapatano: kuajiri mabaharia, kutafuta mwongozaji, kuuza na kununua. Ya nne ni kutunza amana na madeni. Kileo kipo katika zote nne, lakini hakifanyi hata mojawapo peke yake.

Historia ya London inalithibitisha jambo hili. Mwishoni mwa karne ya 17, Edward Lloyd alikuwa na nyumba ya kahawa mjini humo, ambayo mwaka 1691 aliihamishia katika mtaa wa Lombard. Manahodha, wenye vyombo na wafanyabiashara waliizoea kwa sababu palipatikana habari za kuaminika za vyombo vilivyofika na vilivyopotea. Kutokana na mazungumzo ya hapo ndipo soko kubwa la bima ya vyombo vya baharini lilipokua, nalo lingali na jina la Lloyd hata leo. Kinywaji kilichounganisha watu wale kilikuwa kahawa.

3. Msamiati tulio nao

Sasa tutazame maneno ambayo mfasiri huwa nayo mkononi. Kiingereza kina neno tavern kwa nyumba inayouza vileo, na inn kwa nyumba inayouza vileo na kulaza wageni, ingawa katika hadithi maneno haya mara nyingi huingiliana. Kwa Kiswahili tuna baa, kilabu, mangwe, mkahawa, hoteli na nyumba ya wageni.

Baa ni neno la mji wa kisasa. Msomaji akilisikia huona chupa, taa za umeme na muziki wa mashine. Haliwezi kukaa vizuri katika hadithi yenye matanga na mishumaa. Kilabu humpeleka msomaji, hasa wa Tanzania, penye pombe ya kienyeji, ambapo majirani hukaa mchana kutwa. Mangwe, neno la Pwani ya Kenya, ni mahali panapouzwa tembo la mnazi. Ni neno lenye ladha yake, lakini limefungwa kwenye mnazi na mgema, na wateja wake ni watu wanaofahamiana. Mkahawa unahifadhi mazungumzo na kuondoa kileo. Hoteli, kwa matumizi ya Kenya, ni mahali pa kula chai na maandazi. Nyumba ya wageni inahifadhi malazi, lakini inanyamazisha makelele yote.

Hata hivyo, mzigo mkubwa zaidi haumo katika kamusi. Umo katika riwaya zetu. Katika Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, Maimuna anapoikimbia nyumba ya babake anaishia kwa Mama Jeni, na msomaji anajua papo hapo kwamba binti yule amekwisha kuingia katika njia ya maangamizi. Mwandishi hahitaji kueleza sana. Mahali penyewe panatosha kusema. Mfano huu hauko peke yake. Katika riwaya nyingi za Kiswahili za miaka ya 1970 na 1980, mhusika anayeonekana penye ulevi ni mhusika anayepotea, iwe kwa umaskini, kwa mapenzi ya haramu au kwa uchungu wa moyo. Ni mara chache sana tunakuta mhusika mwema anaingia humo, anapata habari anayoihitaji, analipa, na kuondoka zake.

Kuna ushahidi mwingine wa zamani zaidi. Abu Nuwas, mshairi wa Baghdad aliyefariki karibu na mwaka 814, alisifika miongoni mwa Waarabu hasa kwa mashairi yake ya mvinyo, ambamo mara kwa mara yeye na wenzake humwamsha mwuza mvinyo usiku wa manane. Mtu huyohuyo tunamjua sisi kwa jina la Abunuwasi. Watoto wetu wanamcheka akiwashinda makadhi na masultani kwa werevu wake, na wengi wao hawajapata kusikia kwamba alikuwa mshairi. Alipovuka bahari kuja kwetu, Abunuwasi alikuja na akili yake. Mvinyo na nyumba za mvinyo viliachwa ng'ambo. Bila shaka Waswahili hawakukosa kileo: methali ya mgema anayelitia tembo maji baada ya kusifiwa yatosha kutuonyesha kwamba biashara hiyo ilijulikana sana. Kilichokosekana ni heshima ya kisimulizi ya mahali penyewe. Tembo lilinywewa, lakini halikupewa kazi ya kuanzisha hadithi.

4. Kazi hizo zilifanyikia wapi katika Pwani?

Lingekuwa kosa kudhani kwamba, kwa kuwa nyumba ya vileo haikupewa nafasi, basi kazi zake nne hazikufanyika. Bandari zetu zilipokea wageni kwa karne nyingi. Pepo za kaskazi zilileta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, na pepo za kusi ziliyarudisha. Baina ya pepo hizo mbili mgeni hakuwa na budi kusubiri, na aliyesubiri alihitaji mahali pa kulala, mtu wa kumwamini, na habari za soko.

Ibn Battuta, aliyezuru pwani hii mwaka 1331, ametuachia maelezo yenye thamani kubwa kuhusu Mogadishu. Anasimulia kwamba chombo kilipofika, vijana wa mji walikiendea kwa sambuku, kila mmoja akiwa na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimkabidhi sahani hiyo mfanyabiashara mmojawapo na kutangaza kwamba huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara alikaa katika nyumba ya mwenyeji huyo, naye mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa na kumnunulia. Aliyenunua kwa mgeni kwa bei ya chini mno, au pasipo mwenyeji kuwapo, mauzo yake hayakukubalika. Mgeni aliyekwisha kuuzoea mji na kujuana na watu wake aliweza kwenda kukaa apendapo.

Hapa tunaziona kazi za malazi, mapatano na amana zikifanywa na mtu mmoja, yaani mwenyeji, nyumbani kwake. Neno mwenyeji kwa hiyo lina uzito ambao mfasiri hapaswi kuudharau: ni mpokeaji, ni dalali, na ni mdhamini.

Kazi ya habari ilikuwa na mahali pake. Ilifanyika forodhani, chombo kilipotia nanga. Ilifanyika barazani, mbele ya nyumba, ambapo mpita njia alisalimiwa na kuulizwa atokako. Na ilifanyika penye kahawa, finjani zikipita kutoka mkono hadi mkono na dele likiwa juu ya makaa. Hata Ulaya habari hazikutafutwa penye vileo peke yake. Wasomaji wa Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya mwaka 1969, watakumbuka kwamba wafanyabiashara wa Shakespeare huzitafuta habari za vyombo vyao Rialto, mahali pa wazi pa biashara, ambapo panafanana na forodha zetu kuliko baa zetu.

Chombo chenyewe nacho kilikuwa mahali pa kukutania. Alan Villiers, aliyesafiri mwaka 1938 na 1939 katika jahazi kubwa la Kuwait chini ya nahodha Ali bin Nasr, ameeleza jinsi mabaharia walivyokuwa na biashara zao ndogondogo, kila mtu na sanduku lake. Jahazi lilipofika bandarini liligeuka kuwa soko, na wageni walipanda juu kuzungumza na kununua. Sanduku la baharia, ambalo kwa Stevenson linakaa katika chumba cha kupangisha, kwetu lilikaa sitahani.

Katika hadithi zetu za mambo ya ajabu, usimulizi umefuata mpango huo. Tuchukue Adili na Nduguze (1952) ya Shaaban Robert. Humo mna majini, mna biashara na hasara zake, mna safari ya baharini na ndugu wanaomtosa ndugu yao. Mwandishi wa Ulaya angekuwa na vishawishi vingi vya kulikutanisha kundi hilo katika nyumba ya mabaharia. Shaaban Robert hakufanya hivyo. Kisa kinatoka kinywani mwa Adili mbele ya mfalme Rai, aliyemwita ajieleze. Siri haifichuliwi na mlevi. Inatolewa kama ushahidi. Huu ni utaratibu mwingine wa kusimulia, na una misingi yake.

5. Mapendekezo

Kutokana na hayo tuliyoyaeleza, tunatoa mapendekezo manne.

Kwanza, kabla ya kuchagua neno, mfasiri ajiulize nyumba ile inafanya kazi gani katika sura anayoifasiri. Ikiwa ni ya ulevi na maangamizi, kilabu na baa yatamfaa. Ikiwa ni ya habari na mapatano, maneno hayo yatampotosha msomaji. Tuseme mfasiri ameandika: "Baharia aliuliza njia ya kwenda kilabuni." Msomaji ataelewa kwamba baharia anakwenda kulewa. Lakini akiandika: "Baharia aliuliza njia ya kwenda kwa Yusufu, penye picha ya nanga," msomaji atataka kumjua Yusufu, naye atakuwa tayari kwa jambo lolote. Vileo vinaweza kutajwa katika sentensi inayofuata bila ya kuharibu kitu.

Pili, katika suala la majina, Kiswahili kina njia yake. Nyumba za Ulaya zilijulikana kwa picha ya kibaoni, kwani wateja wengi hawakujua kusoma. Mahali petu pa kula na kunywa hujulikana kwa mwenyewe: kwa fulani. Muundo huu mfupi ni hazina kwa mfasiri. Unatambulisha mahali kwa mtu, na katika hadithi hizi mwenye nyumba ndiye uzi unaozishona kazi zote nne. "Kwa Silver" inasema mengi kuliko jina lolote la darubini litakalobuniwa.

Tatu, mfasiri aangalie maamkizi. Katika hadithi za Kiingereza mgeni huingia, hukaa pembeni, na kuagiza kinywaji, hakuna ajabu. Kwa Kiswahili, mtu anayeingia penye watu bila salamu amekwisha kujipambanua: ama ana kiburi, ama ana lake analolificha. Mfasiri akiyaacha maamkizi kwa kila mhusika, chumba kizima kitajaa watu wasio na adabu, na mpelelezi wa kweli hataonekana. Akiwapa wengine salamu, na kumnyima yule anayestahili kushukiwa, atakuwa ameitumia lugha yetu kuieleza hila ya mwandishi. Vivyo hivyo kwa kuitana: nahodha, serahangi, mzee, bwana na ndugu ni maneno yanayopanga watu chumbani, kila mmoja mahali pake.

Nne, tunamwambia mtunzi, ambaye hafungwi na kitabu cha mtu mwingine, kwamba halazimiki kuijenga nyumba hii katika nchi aliyoibuni. Vijana wetu wanaoandika hadithi za ajabu leo mara nyingi huanza na ukumbi wenye moshi na mapipa, kwa kuwa ndivyo walivyosoma. Sahani iliyofunikwa inayoletwa na kijana asiyejulikana, juu ya sambuku, kwa mgeni mmoja kati ya ishirini, ni mwanzo wa hadithi usio na upungufu. Kwa nini amemchagua yule? Ni nani aliyemtuma? Mwenyeji akiwa mwema, mgeni amepona; akiwa mwovu, mali yote imo mikononi mwake.

Wako watakaosema kwamba mapendekezo haya yanakisafisha kitabu cha kigeni na kukipa maadili kisichokuwa nayo. Hatukubaliani nao. Hatusemi mvinyo ugeuzwe kuwa kahawa. Mabaharia wa Bristol wanywe walichokuwa wakinywa. Tunachosema ni kwamba uaminifu wa tafsiri hupimwa pia kwa matarajio yanayozaliwa moyoni mwa msomaji. Ikiwa msomaji wa Kiingereza anatarajia safari, na msomaji wa Kiswahili anatarajia anguko, basi tafsiri imekosa uaminifu hata kama kila pipa limehesabiwa.

6. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba nyumba ya vileo katika hadithi za safari ni mkusanyiko wa kazi nne zilizowekwa chini ya paa moja, na kwamba Pwani yetu ilizigawa kazi hizo baina ya mwenyeji, baraza, forodha, mkahawa na chombo. Mfasiri anayeujua mgawanyo huu ana uwezo wa kuchagua. Asiyeujua huchaguliwa na kamusi.

Lakini maarifa hayo yenyewe yako hatarini. Biashara ya majahazi makubwa ya msimu imefifia, na wazee waliosafiri nayo ni wachache kila mwaka. Majina ya mahali mabaharia walipolala, maneno ya mapatano baina yao na wenyeji wao, na istilahi za amana na madeni bado yanakumbukwa na baadhi ya watu wa Lamu, Mombasa, Unguja na Pemba. Wanafunzi wa idara zetu huandika tasnifu kila mwaka. Ingefaa baadhi yao wapelekwe huko na daftari, wayakusanye maneno hayo pamoja na maelezo ya matumizi yake, ili mfasiri wa kesho atakapoufikia mlango wa nyumba ya mabaharia awe na la kusema.